Mlinzi wa Zilpa Siku ya Sabato

Siku ile mjinga alikuwa Ndalahwa, na mwenyewe anakubali, ila mpaka ashibe kwanza.

Ndalahwa, mhadhiri mzima wa tawi la chuo pale Mugumu, alipanga jaribio la takwimu Jumamosi asubuhi. Zilpa, mwanafunzi wake, akamfuata ofisini. Shikamoo mwalimu, mimi Msabato, naomba siku nyingine. Akilikosa jaribio lile, anarudia mwaka.

"Chuo hakina dini," alijibu Ndalahwa, kalenda ya parokia ikining'inia juu ya kichwa chake. Jumapili, bila shaka, haikuwahi kupangiwa jaribio lolote. Bahati tu ya ratiba.

Kisha huruma ikamshika. "Haya, utafanya Jumamosi hiyohiyo, jua likishazama. Ila kuanzia asubuhi usionane na wenzako wala kushika simu, wasije wakakupa maswali. Utakuwa na mlinzi."

"Nani, mwalimu?"

Kwa kuwa mkoani Mara kote hakumwamini mtu, akasema, "Mimi."

Wala hakuuliza binti atashinda wapi.

Akashinda naye kanisani, Morotonga. Wageni walipoombwa kusimama, Ndalahwa akasimama na bahasha yake ya maswali kwapani. "Mimi ni mlinzi," akasema. Kanisa likaitikia amina. Ikaja Shule ya Sabato, akaulizwa fungu la Biblia la kukariri wiki hiyo, akakohoa. Ikaja ibada kuu. Mtu ambaye kwao hutoroka misa kabla ya matangazo! Mchana akapewa makande yaliyopikwa jana yake, maana Sabato hakuwashwi jiko.

"Kula baba," alisema mama mchungaji, Mama Akech. "Mlinzi halindi na njaa."

Akaomba chai, kumbe majani ya chai kwao mwiko, akaletewa mchaichai. Halafu kwaya. Halafu kwaya nyingine, ndugu zao kutoka ng'ambo ya Sirari, nao hawakuvuka mpaka kuja kuimba wimbo mmoja.

Jioni simu yake ikaita. Ni wenzake: mbuzi ameiva, tunakungoja wewe tu. Ndalahwa akatazama nje. Jua lilikuwa limekalia kilima kama mgeni asiyejua kuaga. Akamketisha Zilpa kwenye chumba cha pembeni, akatoa karatasi.

"Haya, andika."

"Bado halijazama, mwalimu."

"Limebaki kipande tu! Anza, au naondoka na maswali yangu, na mwakani tutakutana darasa lilelile."

Zilpa alikunja mikono. Kalamu hakuigusa.

"We binti, Mungu mwenye enzi yote agombane na mtu kwa vidakika viwili vitatu?"

"Yoo, mlinzi wetu sasa anahubiri," alisema Mama Akech mlangoni.

Zilpa akainua macho. "Mwalimu, na wewe ukishasema muda umekwisha, mimi nikaendelea kuandika vidakika viwili vitatu, karatasi yangu utaipokea?"