Mashine Iliyosomeka Nyumbani Tu

Tarehe kumi na nne Agosti, mwaka elfu mbili na kumi na nane, siku ya Jumanne, mtunza makumbusho alikuja nyumbani kwa Fundi akiwa amevaa tai. Mke wa Fundi alipoiona ile tai alijua kwamba mgeni hakuja kupoteza wakati, naye akaifuta tena meza ambayo alikwisha kuifuta. Juu ya meza ilikaa mashine: sanduku la mbao lenye vibonye vilivyong'olewa kwenye taipureta mbovu, balbu ndogo za tochi zilizopangwa safu tatu, na magurudumu matatu ya plastiki yaliyokatwa kwenye bomba nene la maji.

Ilikuwa nakala ya mashine ambazo majeshi ya zamani yalizitumia vitani kufumba maneno yao. Ukibonyeza herufi moja, umeme unapita katika nyaya za magurudumu, unagonga bamba la nyuma, unarudi kwa njia nyingine, na balbu ya herufi tofauti kabisa inawaka. Kila ukibonyeza, gurudumu husogea hatua moja na njia ikabadilika. Mtu mwenye mashine ya pili, iliyofungwa nyaya vilevile na kutegwa vilevile, atabonyeza herufi za fumbo lako na kupata maneno yako. Asiye nayo atatwanga maji kinuni.

Makumbusho yalikuwa na mashine moja ya kweli, ndani ya kabati la kioo, nayo bado ilifanya kazi. Mtunza alikuwa amefumba sentensi moja kwa mashine ile, akaiandika kwenye karatasi pamoja na jinsi ya kutega magurudumu, na sasa akaikunjua mbele ya Fundi.

"Ukinisomea hii, Fundi, nakuvulia kofia mbele ya wafanyakazi wangu wote."

"Kofia yenyewe huna," Fundi alisema.

"Nitaazima."

Wakacheka wote watatu. Fundi akatega magurudumu, akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja, na mkewe akawa anataja kila herufi iliyowaka huku akiiandika. Hakufika mbali. Herufi zilizotoka hazikuwa neno la lugha yoyote. Zilikuwa kama za mtu aliyepiga chafya juu ya taipureta. Fundi akatega upya, akarudia. Chafya nyingine.

"Umetaja vibaya," alimwambia mkewe.

"Nimetaja kinachowaka, Baba."

"Basi umetaja vibaya kinachowaka."

Mtunza makumbusho alijaribu mwenyewe, taratibu, akakuta yaleyale. Hatimaye akasema kwamba hata hivyo ilikuwa kazi nzuri ya kutazama, na kwa neno hilo "kutazama" mke wa Fundi alihisi kama mtu aliyefungiwa mlango usoni. Mgeni akaiacha karatasi yake mezani. Alipofika mlangoni alimwambia mke wa Fundi kwa sauti ya chini, "Shemeji, mkipata mlipokosea, niite. Hata iwe lini."

Hakujua kwamba "hata iwe lini" ni jambo ambalo nyumba ile haikuwa nalo.

Fundi alikuwa ametengeneza redio za watu tangu ujana wake, mpaka alipoanza kusahau. Kwanza alisahau redio ya nani ni ipi, na watu wakacheka. Kisha akasahau pasi ya kulehemu ikiwaka juu ya kiti, na hakuna aliyecheka. Daktari alisema ugonjwa huo unaweza kwenda polepole, lakini haurudi nyuma. Siku ile, wakiwa bado kwenye benchi la hospitali, Fundi alimwambia mkewe: "Nina shughuli moja tu. Nataka nitengeneze mashine kama ile ya makumbusho, niione ikisoma neno la mtu mwingine, wakati bado najua kwamba ni yangu. Baada ya hapo nitasahau kwa raha."

Mkewe hakuuliza kwa nini mashine hiyo na si kitu kingine. Mtu anayezama humchagulii kamba. Alikuwa amejifunza herufi ukubwani, kwenye darasa la kisomo, na sasa herufi hizo zikapata kazi. Mikono ya Fundi ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo yeye ndiye aliyeshika pasi. Gurudumu lilisimamishwa katikati ya meza, limebanwa kwa jiliwa, na wao wakakaa huku na huku, uso kwa uso. Fundi hakupata kamwe kuvumilia mtu wa kufanya kazi ubavuni pake. Wanagenzi wake wote aliwakalisha ng'ambo ya meza. "Mtu akikaa ubavuni anakupumulia tu," alisema. "Akikaa mbele, unaona akidanganya."

Basi Fundi alisoma mchoro wa mashine ya makumbusho na kuzifunga nyaya kwenye pini za upande wake, akitaja: "A inakwenda E. B inakwenda K." Mkewe, upande wa pili, alihesabu kuanzia juu kuelekea kulia, akaupata mguu wa shaba wa herufi hiyo, akaugusa kwa pasi na risasi ya kulehemu, akapuliza moshi. Kati yao zilikuwapo nyaya za simu zilizochakaa, rangi kwa rangi. Zilikuwa siku njema. Binti yao, mshonaji, alipokuja kuwatazama alikuwa akiwachokoza.

"Mama, sasa mtaongea na nani kwa kidude hiki?"

"Na baba yako."

"Baba si huyo hapo? Mwambie tu, nyaya za nini?"

"Ukimwambia hasikii. Labda akifumbiwa."

Na kweli mashine ilipokamilika, waliongea nayo. Mke alifumba maneno, Fundi akayafumbua, na kila mara yalirudi kama yalivyokwenda, bila herufi moja kupotea. Hivyo hakuna aliyeshuku kitu mpaka siku ya tai.

Baada ya siku ile Fundi alianza kuijaribu mashine asubuhi na jioni. Alifumba jina la mkewe, akalifumbua, likatoka sawa. Alifumba jina la binti yake, likatoka sawa. Kisha aliichukua karatasi ya mtunza makumbusho, na ikatoka chafya. "Tukiandika wenyewe tunasomana," alisema. "Akiandika mwingine, kimya. Huyu bwana ametuletea takataka." Mara nyingine alisema kosa ni la pasi, mara nyingine la mkewe. Ugonjwa nao haukuwangojea. Fundi akaanza kuficha skrubu ndani ya viatu. Akaanza kumwita mkewe kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa.

Muuguzi wa kliniki alikuwa amemwelekeza mke namna ya kumnyoosha mgonjwa viungo. Asubuhi moja wakawa wamesimama sebuleni, uso kwa uso, mke akasema, "Inua mkono wa kulia, kama mimi," akainua wake wa kulia. Fundi akainua wa kushoto.

"Wa kulia, Baba."

"Si ndio huu? Nakufuata wewe. Wako uko huku, na wangu uko huku."

Mke alibaki mkono juu. Fundi alikuwa anafanya kama mtu mbele ya kioo. Akautazama mkono wake, akautazama wa mumewe. Kisha akajua. Kulia kwake, siku zote zile mezani, kulikuwa kushoto kwa Fundi. Kila herufi aliyoihesabu kuelekea kulia, Fundi alikuwa akiihesabu kwenda upande mwingine. Magurudumu yote matatu aliyafunga kinyumenyume. Na kwa kuwa umeme ulikwenda na kurudi ndani ya kosa lilelile, mashine ilikubaliana na wao wenyewe daima. Ilikuwa sahihi kabisa, nyumbani tu.

Angekaa ubavuni pake, hata siku moja, angeliona.

"Umechoka?" Fundi aliuliza, mkono wake wa kushoto ungali juu.

"Shusha, Baba. Nimekuona."

Kosa likijulikana huwa limepona nusu, ndivyo alivyodhani. Akaketi kwenye kiti cha Fundi, upande wa Fundi, akafungua gurudumu la kwanza na kuanza kuyeyusha risasi ya zamani. Fundi aliingia, akasimama. Alichokiona ni mwanamke asiyemfahamu akiing'oa mashine yake nyaya.

"Wewe. Weka chini."

"Natengeneza, Baba. Tulikosea upande."

"Nimesema weka chini. Hiyo ni ya mke wangu na mimi." Akamshika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo mkewe hakujua kwamba bado anazo, na pasi ikaanguka. Kisha akakaa sakafuni na kuzikusanya nyaya kifuani, akilia kama mtu aliyeibiwa.

Tangu siku hiyo mke alifanya kazi mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo. Binti alikuja kukaa na baba yake, na kupitia ubao wa mlango mke aliwasikia: Fundi akiuliza mke wangu yuko wapi, binti akijibu anakuja, Fundi akiuliza tena. Nyaya zilikuwa nyingi, macho yake hayakuwa ya kijana, na gurudumu moja lilikula wiki nzima na zaidi.

"Mama," binti alisema wakiwa jikoni, "saa unazokaa na hizo nyaya ungekaa naye. Leo amekuulizia mpaka nimeona haya."

"Alitaka aione ikisoma."

"Alitaka. Sasa hivi anataka wewe."

"Nimekula ng'ombe mzima, mwanangu. Umebaki mkia."

"Na ukishaumaliza mkia, utamkuta nani mezani?"

Mama alijua binti amesema kweli, na alijua pia kwamba hataacha. Akarudi, akafunga mlango.

Alipomaliza gurudumu la tatu aliitega mashine kama karatasi ilivyosema, peke yake, akabonyeza herufi ya kwanza. Iliwaka M. Kisha V. Kisha U. Aliendelea mpaka mwisho, akaandika, akasoma kwa sauti kama alivyozoea darasani, silabi kwa silabi: mvua itanyesha alasiri. Maneno ya mtu mwingine, ya kawaida kabisa, kama yale ambayo jeshi lingeweza kuyatuma asubuhi yoyote. Alifungua mlango akamwita mumewe.

Walimkalisha mbele ya mashine, na safari hii mke alivuta kiti akakaa ubavuni pake, bega kwa bega. Akakishika kidole chake na kukipeleka kwenye vibonye, kimoja baada ya kingine. Balbu zikawaka mpaka sentensi ikaisha.

"Umeona, Baba? Imesoma. Ya mtunza makumbusho. Imesoma yote."

Fundi alitabasamu kwa adabu, kama mgeni aliyeonyeshwa picha za watoto wa watu.

"Taa nzuri," alisema. "Zima, usimalize betri."

Mke alitega upya. Wakabonyeza tena tangu mwanzo, na tena mara nyingine, mpaka binti akamshika bega. Fundi alipitisha kidole kwenye viungo vya risasi, kwa makini, na kwa muda mfupi uso wake ukawa wa kazi.

"Safi. Nani amekutengenezea?"

"Mume wangu."

"Huyo ana akili. Yupo?"

Mke alinyoosha mkono, akaizima mashine.

"Akirudi," Fundi alisema akinyanyuka, "mwambie nimemsalimu."

Mtunza makumbusho aliitwa, akaja, akaisoma sentensi yake mwenyewe kwenye balbu, akavua kofia aliyokuja nayo. Aliichukua mashine na kuiweka kwenye kabati la kioo kando ya ile ya kweli, na watu husimama kuitazama. Mke wa Fundi hajakwenda. Asubuhi humnyoosha mumewe viungo sebuleni, na salamu zile bado anazo, maana hajui azipeleke mlango gani.

Nawe uliyeisoma habari hii, usiifungie ndani. Msomee mtu mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani kwake, hasa kama mtu huyo hajajua kusoma, kisha umwombe naye amsimulie mwingine.