Mgeni wa Chai wa Nasike

Mildred alikuwa akichambua mahindi mabovu kwenye karai, mdogo wake Nasike alipopiga simu kusema kwamba mama yao amekuja tena, amekunywa vikombe viwili na kulalamika kuwa majani ya chai ni machache.

"Kwako tena?"

"Si unamjua."

Mama yao, Nabwire, alikufa mwaka ule wa fujo za uchaguzi. Nyumba aliyopanga katika mtaa wa Langas ilichomwa, akakimbilia kambini, akafia huko. Watu walisema ni baridi ya hema. Sasa huja jua likizama, leso ikinuka moshi, na kuketi kwa Nasike, ambaye hana mume na ana kiti kimoja chenye mguu mbovu. Kwa Mildred, mwenye makochi na vitambaa vya kufuma, hajawahi hata kuchungulia. Mildred alimnunulia thamosi mpya. Kila jioni aliijaza chai, na kila usiku mumewe, Wangila, aliimaliza bila maswali.

"Anasema tukapimwe matiti," Nasike aliendelea. "Eti uvimbe ndio ulimuua, si baridi. Mimi nimeshaenda."

"Redio ilisema ni kuanzia miaka arobaini. Mimi sijafika."

"Redio haikuzaliwa na Mama."

"Basi aje aniambie mwenyewe. Mimi ndiye mkubwa."

Hakwenda. Aliona heri augue kwa heshima kuliko kupona kwa maagizo ya kitindamimba. Ila siku hizo akioga, sabuni ilipita titi la kushoto mbio mbio.

Mwishowe wivu ulimzidi, akaenda kwa Nasike jioni bila kualikwa. Mama yao alikuwa pale, amekalia kile kiti kibovu kama malkia.

"Mama, mbona kwangu huji?"

Mama Nabwire aliweka kikombe chini. "Kwa mkwe wangu? Nikalie kochi la Wangila nikimtazama akila? Nimekufa, sijakosa adabu."

Mildred alikuwa ameisahau kabisa mila ya mama kumwepuka mkwe wake wa kiume. Hata enzi za uhai wake, mama yao alimsalimia Wangila akiwa nje ya ua, uso ameugeuza kando.

"Na kambini, kwa nini hukusema?"

"Daktari aliuliza nani ameungua, nani ana jeraha la mshale. Mimi sikuungua. Ningeanzaje kutaja titi mbele ya watu wale? Sikiliza. Arobaini ni ya wale ambao mama zao walikuwa wazima. Wewe nenda kesho."

Kesho yake Mama Nabwire alimsindikiza hadi kliniki, akamshikia mkoba. Mildred alimtumia Nasike ujumbe kuhusu mkoba huo mara tatu. Nesi alimpapasa upande wa kushoto, akapapasa tena.

"Kuna kauvimbe kadogo," alisema. "Tutakapiga picha. Afadhali hukungoja."

Kisha nesi akapita kwenye benchi akiuliza kila mmoja shida yake. Mama Nabwire aliinua mkono. Nesi akamruka, akamuuliza aliyeketi baada yake.

Tangu siku hiyo Mama Nabwire haendi tena kwa Nasike. Hushinda kwenye benchi lile akiwaambia wanawake asiowajua waanze lini kupimwa. Wafagiaji humwomba ainue miguu, naye huinua. Bado hajaitwa na nesi. Mildred akija kwa matibabu humkuta amepakata mikoba ya watu wengine, na hukaa benchi la mbali, amenuna.