Profesa Stanislas Kwenye Mtihani wa Furaha

Profesa Stanislas alikuwa na kipimo kimoja tu cha ubora wa kozi: idadi ya walioanguka. Katika kozi yake ya metali, kati ya wanafunzi sitini walipita watano, na wawili kati ya hao aliwashuku mpaka leo. Basi aliposikia kwamba Asistenti Annie anafundisha furaha, tena kwa alama zilezile juu ya ishirini kama kozi za watu wazima, chai ilimpalia.

"Furaha!" alinguruma mbele ya baraza la kitivo. "Kesho tutafundisha kulala usingizi! Ile kozi itoke ku programu. Mi naweza pita ule mtihani bila kusoma hata ukurasa moja."

Annie, mdogo wa umbo lakini si wa ulimi, akamjibu, "Sawa, Prof. Kuya uufanye. Ukipata kumi juu ya ishirini, kozi ifutwe. Ukikosa, inabakia."

Tangu shule ya msingi Stanislas hakuwa ameanguka mtihani hata mmoja. Alikubali kabla mkuu wa kitivo hajavuta pumzi.

Mtihani wenyewe ulikuwa huu: uje na mtu mliyegombana naye, umsikilize nusu saa bila kutia neno, kisha urudie aliyosema mpaka mwenyewe akiri, "Njo ile," yaani ndivyo hasa. Profesa, kwa kiburi chake, akamleta Mama Kunda, jirani yake wa mtaa wa Ruashi. Miaka miwili mama huyo alikuwa akilia kwamba ukuta mpya wa profesa umeingia kwenye kiwanja chake. Miaka miwili profesa alikuwa akiapa kwamba haujaingia hata unywele.

"Prof eko tayari?" Annie akauliza, saa mkononi.

"Mutoto, mi nilizaliwa tayari."

Mama Kunda akaanza. Akasimulia matembele yake yaliyozikwa chini ya kifusi. Akasimulia habari za marehemu mumewe, aliyechimbia nguzo za mpaka kwa mikono yake. Profesa alibana midomo hadi masharubu yakasimama. Dakika tano. Dakika kumi. Wanafunzi waliojaa nyuma wakaanza kutazamana kwa huzuni. Kozi yao ilikuwa inakwenda na maji.

"Na ule ukuta," Mama Kunda akasema akipangusa jicho, "ulimeza metre moja muzima ya kiwanja yangu."

"Metre moja?" Stanislas akaruka kama aliyekalia siafu. "Mama, heshimu vipimo! Ni santimetre makumi ine na tatu!"



"Kumbe ulipima," Mama Kunda akasema polepole.

Hapo wanafunzi walicheka mpaka wengine wakashuka chini ya madawati. Annie hakucheka. Aliandika: nne juu ya ishirini.

"Ine!" profesa akalia. "Na hizo ine ni za nini?"

"Za ukweli, Prof. Ulichelewa, lakini uliusema."

Profesa aliitazama karatasi kama mtu anayesoma jina lake kwenye tangazo la msiba. Mwishowe akatia sahihi.

"Bon," akanung'unika. "Kozi yenye kuangusha muntu kama miye haiwezi kuwa ya muchezo. Ibakie." Akakohoa. "Na sesyoni ya pili, ya kurudia mtihani, iko siku gani?"

Annie alikuwa bado anafungua kalenda, Mama Kunda akamtangulia.

"Itafanyikia kwangu, Papa Prof. Kuya na masoni, fundi wa kubomoa ule ukuta."