Simu ya Jerioth Ilipatikana

Mvua ilipoifurikisha Jeddah asubuhi ile ya Novemba, Kipchumba alikuwa zamu Riyadh, kwenye kampuni ya simu iliyomleta kutoka Eldoret kama injinia. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kutafuta simu zilizokuwa bado hewani katika mitaa iliyojaa maji, kisha kuwaelekeza waokoaji zilipo. Kufikia adhuhuri watu thelathini na wanane walikuwa wametolewa kwa njia hiyo.

Ndipo Celestine akampigia. Walifahamiana kwenye kikundi cha Wakenya. Celestine alikuwa mshonaji katika duka moja la mtaa wa Al-Dirah, humo humo Riyadh.

"Kipchumba, dada yangu Jerioth anafanya kazi za nyumbani huko Jeddah, mtaa wa Al-Hamra. Chumba chake kiko chini kabisa, unashuka ngazi. Wiki nzima hashiki simu, na sasa haya maji. Nisaidie, tafadhali."

"Nipe namba yake."

Simu ilikuwa hewani. Ilikuwa imetoka Al-Hamra saa tatu asubuhi, na sasa ilikuwa imetulia kwenye hoteli moja upande wa mwinuko, pakavu.

"Ametoka," akamwambia. "Yuko hotelini, bila shaka na mabosi wake."

"Mbona basi hashiki?"

"Pengine madam hamruhusu. Si unawajua."

Celestine akalia, akamshukuru Mungu, akamshukuru na yeye.

Nyumba ile ya Al-Hamra ilikuwa kwenye orodha ya kukaguliwa, maana jirani alidai kusikia mtu akigonga. Kipchumba akaandika kwamba wakazi wote wamehama. Mashua ya waokoaji ikapita.

Siku ya tatu maji yalipopungua, dereva wa familia ile alivunja mlango wa chini uliokuwa umekwama kwa tope. Jerioth alikuwa juu ya kabati, amekufa. Simu yake ilikuwa ndani ya mkoba wa madam, aliyemnyang'anya wiki moja kabla, eti anaongea mno.

Kipchumba alilijua tangu zamani jambo hilo la mabosi kunyang'anya simu. Binamu yake mwenyewe alifanyiwa vivyo hivyo Dammam. Siku ile hakulikumbuka hata kidogo.

Kipchumba mwenyewe alimpigia Celestine, akamweleza yote.

"Nilikwambia wiki nzima hashiki."

"Uliniambia."

"Na ukaniambia ametoka. Nikarudi kushona."

Kipchumba alimwendea mkuu wake, akaomba taarifa irekebishwe, kwa kuwa Jerioth alikuwa amehesabiwa miongoni mwa walionusurika. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho.

"Halas, yamekwisha," alisema. "Tuliulizwa simu iko wapi, tukajibu sawasawa. Taarifa imeshapelekwa."

Alhamisi Kipchumba na Celestine walisafiri kwa ndege kwenda Jeddah kuutambua mwili. Yeye Kipchumba ndiye aliyekata tiketi, mbili za viti vinavyopakana. Celestine alipoona namba ya kiti chake, akamwita mhudumu, akaomba ahamishiwe nyuma.