Maji ya Betri

Nafuna alikuwa amebakiza miezi mitatu amalize shahada yake ya kemia, vita vikamkuta Jinja, ndani ya maabara ya kiwanda cha sabuni kilichokwisha kufa. Kiwanda kilikuwa cha mzee Vallabh, upande wa Mafubira. Mzee huyo alipofukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake, mitambo iliibwa kipande kipande, lakini chumba cha maabara kilisalimika kwa kuwa hakuna aliyejua chupa zile ni za kazi gani. Mhadhiri wao, Bwana Romano, alikiomba chumba hicho, akawaleta wanafunzi wake watatu. Sabuni ilikuwa imeadimika, na soda kali ya kuitengenezea haikuingia tena nchini. Alitaka kujua kama majivu yangeweza kushika nafasi yake.

Kila mmoja alichagua majivu yake. Isabirye, Msoga, mwenyeji wa hapo Jinja, alichoma maganda ya ndizi. Yeye alipenda mpira kuliko vitabu, na ukutani aliandika kwa chaki matokeo ya mechi tangu ligi ilipoanza mpaka ilipovunjika. Nafuna alitumia maganda ya kahawa yaliyotoka kwao Mbale, na alipopumzika alichora wadudu kwenye daftari lile lile la vipimo, jambo lililomkera sana Bwana Romano. Mutwalibu, naye wa Mbale, mtoto wa mwuza vitambaa, alichoma mabua ya pamba, ila moyo wake ulikuwa kwenye manukato. Alijiundia mtambo wa chupa na mrija, akawa anachemsha mchaichai na kuukusanya mvuke wake, akitafuta mafuta ya kujipaka mtu aendapo msikitini, yasiyo na tone la spiriti.

Aprili ile ya mwaka 1979, Bwana Romano alikwenda Kampala kufuata mshahara, barabara ikafungwa nyuma yake. Mizinga ikaanza kusikika kutoka magharibi. Siku ya nne yakaingia malori saba ya jeshi uani mwa kiwanda, yamejaa askari waliokuwa wakikimbilia mashariki. Sajini wao, mtu mrefu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, aliingia maabara, akauzunguka mtambo wa Mutwalibu mara mbili.

“Hii natoa maji safi?” akauliza. “Maji ya betri?”

Nafuna aliomba moyoni mtu yeyote asijibu. Kiswahili chake kilikuwa cha kubabaisha, cha Isabirye hakikuwapo kabisa. Mutwalibu, aliyekulia dukani kwa baba yake akizungumza na wateja kutoka Kenya, akajibu kwa ufasaha: “Inatoa, afande. Lakini polepole.”

Sajini akaamuru zijazwe jerikeni sita. Akatoa kufuli kubwa, akaifunga milango kwa nje, na madirisha yalikuwa na nondo tangu enzi za mzee Vallabh.

Siku tatu walichemsha maji, wakiukusanya mvuke uliogeuka tena maji safi ya kuongezea betri za malori. Mkaa uliwaka mchana kutwa, joto likajaa chumbani mpaka kuta zikatoka jasho. Tone lilidondoka, likafuatwa na jingine, na jerikeni haikuonekana kujaa. Haja walikwenda kwenye ndoo nyuma ya kabati, kwa zamu, wengine wakigeukia ukuta wenye matokeo ya mpira. Walichokula ni mihogo aliyoipitisha kwenye nondo Nakato, mama wa nyumba ya jirani, askari wakiwa wamesinzia.

Mutwalibu peke yake ndiye aliyetolewa nje. Ilipofika saa ya sala sajini alimwita, akasali nao kando ya malori, watu wa mtaani wakiona kupitia ua uliobomoka. Alirudi na mkate mkavu, akaukata vipande vitatu. Nafuna alikila kipande chake. Mutwalibu alipotoka tena, Nafuna alimwambia Isabirye kwamba mtu anayecheka na wale atawauza wote ili ajiokoe. Isabirye akaongeza mkaa jikoni.

Siku ya tatu sajini alisema atamchukua mmoja wao pamoja na mtambo, awatengenezee maji njiani. Akamnyooshea kidole Nafuna.

Mutwalibu alicheka. “Huyu, afande? Huyu ni wa kuosha chupa tu. Ukimchukua utapata maji ya kunywa. Fundi ni mimi.”

Nafuna alihisi uso unawaka. Miaka mitatu alikuwa akimshinda Mutwalibu kila mtihani. Sajini alimtazama kama mtu anayetazama kikombe chenye ufa, akamwacha, akamwambia Mutwalibu ajiandae. Alipotoka, Nafuna alimgeukia mwenzake amtukane, akaona anauzungusha mrija kinyume, akiukaza badala ya kuufungua. Hasira ikamwishia. Akauchukua mrija mkononi mwake, akamfungulia.

Lakini Mutwalibu hakuchukuliwa. Mlipuko ulisikika karibu na daraja la mtoni, malori yakawashwa kwa fujo, askari wakarukia juu, wakaondoka. Jerikeni zote zilibaki pale pale. Ufunguo wa kufuli uliondoka na sajini.

Siku mbili walikaa ndani, makombora ya mizinga yakipita juu ya bati. Maji ya betri waliyachanganya na chumvi kidogo, wakayanywa. Kisha mizinga ikanyamaza, na asubuhi wakasikia shangwe: majeshi ya Tanzania yalikuwa yameingia mjini. Nakato alikuja na shoka, akaivunja kufuli; lakini hakuwaachia mlango.

“Huyu kijana wenu aliyekuwa akisali na askari asitoke,” alisema kwa sauti ya chini. “Watu wanalipiza. Jana sokoni wamempiga mtu kwa sababu ya kofia ya sala tu.”

Isabirye alienda kwao Wanyange kutazama kama wazazi wako hai. Nafuna alibaki. Nyuma ya maabara kulikuwa na stoo ndogo ya kemikali isiyo na dirisha. Akamfungia Mutwalibu humo, ufunguo akauvaa shingoni. Saa mbili baadaye vijana kumi na kitu walifika na fimbo, wakimtaka yule mtu wa jeshi.

Nafuna alisimama mbele ya stoo na chupa ya amonia. Aliifungua kizibo. Waliokuwa mbele wakashika pua na macho, wakarudi nyuma wakikohoa.

“Humo ndani zimo nyingi kama hii, na nyingine zimepasuka,” alisema. “Anayetaka kuingia aingie. Mutwalibu mnayemtafuta aliondoka na wale askari. Nilimwona kwa macho yangu akipanda lori.”

Walimwamini, maana ndivyo walivyokuwa wakitaka kuamini.

Mutwalibu alikaa stoo siku tisa. Nafuna alimpa chakula kupitia mwanya wa mlango, akamwondolea ndoo. Siku ya pili alimwomba radhi kwa yale aliyomwambia Isabirye. Mutwalibu alirudisha sahani kupitia mwanya.

“Nilikusikia siku ile,” alisema. “Nilikuwa hapo nje, nimeshika mkate wenu.”



Barabara ilipofunguka kwa mabasi walisafiri pamoja hadi Mbale, Mutwalibu amevaa shati la Isabirye, kichwa wazi. Duka la baba yake lilikuwa halina mlango. Rafu zilikuwa tupu, na mashine ya kushonea imebaki chuma cha miguu. Hadijah, mwanamke aliyeuza chai upande wa pili, alimtazama Mutwalibu kama aliyeona mzimu. Alieleza kwamba dereva mmoja kutoka Jinja alileta habari: mtoto wa mzee amekimbia na jeshi, msichana aliyesoma naye alimwona akipanda lori. Siku hiyo hiyo watu walikuja, wakapora duka. Mzee alifanikiwa kuvuka mpaka wa Kenya na familia yake, mzima, bila kitu mkononi.

Nafuna alisema uongo ule ni wake.

“Najua,” Mutwalibu alisema. “Niliusikia nao. Bila huo ningekuwa nimekufa.” Alilitazama duka. “Sijui nikushukuru vipi, Nafuna, na sijui nikusamehe vipi. Niache kwanza.”

Akapanda basi la Kenya mchana ule.

Chuo kilipofunguliwa Mutwalibu hakuwepo. Nafuna na Isabirye walirudi maabara na Bwana Romano, wakasafisha, wakaendelea. Mwezi wa nane Nafuna alianza kazi ambayo hakutumwa na mtu. Kila Jumamosi alipita nyumba moja moja Mafubira, akieleza kwamba Mutwalibu hakupanda lori lolote, kwamba ni yeye aliyedanganya, na kwa nini. Wengine walimkaribisha kiti. Wengine walimfungia mlango, na kijana mmoja wa wale wa fimbo alimwambia angejua hilo siku ile angempiga yeye. Alipomaliza Mafubira alikwenda Mbale, akaanza na mtaa wa lile duka.

Januari Mutwalibu alirejea, amekonda; habari za Jumamosi zile zilikuwa zimemfikia Kenya. Aliwasalimia, akaketi mezani pake, akauliza kama kuna mabua ya pamba yaliyobaki. Yalikuwepo nusu gunia. Isabirye alikwenda kuleta moto.