Bi Muhuri na Kiwango cha Chini

Dirisha la mapokezi la hospitali lilikuwa na kioo chenye tundu la kusemea, na chini yake upenyo wa kupitishia karatasi. Nyuma ya kioo alikaa mama mmoja aliyeitwa Bi Muhuri, kwa sababu hakuna karatasi iliyofika kwa daktari bila yeye kuigonga muhuri. Alivaa blauzi ya kijani iliyopungukiwa kifungo kimoja. Kila siku saa kumi jioni alifunga dirisha, akapita dukani kuchukua unga au mkate, akarudi nyumbani kwa mama yake, ambaye miguu yake ilikuwa imegoma tangu mwaka juzi. Mama hakuweza kujipikia, wala kujigeuza kitandani. Walikuwa wawili tu.

Mwezi wa pili hospitali ilihamishia mafaili yake kwenye wingu. Si wingu la mvua. Ni kompyuta za kukodi, zinakaa kwenye jengo la watu wengine huko mbali, na hospitali inazitumia kwa waya. Aliyekuja kuzipanga alikuwa fundi wa kompyuta, dada mpole mwenye mkoba mzito. Alieleza kwamba uzuri wa kompyuta hizo ni kuwa kazi ikizidi zinaongezeka zenyewe, kazi ikipungua zinapungua zenyewe, kwa hiyo hakuna kinachokaa bure. Akaacha fomu. Waandike kila kinachofanya kazi, kazi yake ni ipi, na kiwango cha chini kinachotakiwa kubaki.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa kujaza fomu, na hakupenda kuacha mstari mtupu. Aliandika kompyuta ya maabara, kompyuta ya dirisha la dawa, kompyuta ya wodi ya wazazi. Mstari mmoja ulipobaki akaandika, "Bi Muhuri, mapokezi." Kwenye kiwango cha chini akaweka sifuri kila mahali, maana fundi alisema sifuri ndiyo inayopendeza kwenye ripoti.

Jumatatu saa tatu asubuhi, foleni ilipofika mlangoni, Bi Muhuri aligeuka kuchukua kalamu akamkuta Bi Muhuri mwingine amekaa kushoto kwake. Akasogeza kiti. Saa nne walikuwa wanne, wote na blauzi ya kijani, wote wamepungukiwa kifungo kilekile. Wagonjwa wakajigawa mistari minne. Mzee mmoja mwenye sikio linalouma alikuwa wa ishirini, akawa wa tano, akasema leo angalau. Tabu ilikuwa moja. Muhuri wenyewe haukuandikwa kwenye fomu, kwa hiyo ulibaki mmoja, na wale wanne wakawa wanapokezana. Foleni ikaenda kwa mwendo uleule wa zamani, ila sasa ilionekana nzuri.

Mchana watu walipopungua, na wao wakapungua. Watatu, wawili, mmoja. Saa kumi kasorobo mgonjwa wa mwisho aliondoka na karatasi yake, na nyuma ya kioo hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa bado kina joto.

Kesho yake saa mbili, mgonjwa wa kwanza alipokaa kwenye benchi, Bi Muhuri akawepo, anamalizia maneno ya jana: "...kisha chumba namba saba, mkono wa kulia." Kwake jioni na asubuhi zilikuwa zimeshikana. Hakujua kitu mpaka jirani yake, mshona nguo, alipopanga foleni bila ugonjwa wowote.

"Shoga, jana umelala wapi?"

"Nimelala?"

"Mama yako kakesha na njaa. Alfajiri nikamsikia anagonga ukuta. Nimempa chai, nimembadilisha shuka. Lakini nami nina nguo za watu, na mgongo wangu wenyewe ndio huu unaouona."

Siku hiyo Bi Muhuri alitumia akili. Saa nane, walipokuwa wawili, mmoja alibaki dirishani na mwingine akabeba mkoba akatoka. Alinunua unga, akatembea upesi. Alipofika kwenye kona ya fundi viatu, foleni kule hospitalini ikapungua. Fundi viatu aliona mfuko wa unga umesimama peke yake katikati ya barabara. Akauokota, akauweka kivulini umsubiri mwenyewe.

Wiki ikapita hivyo, mama akilishwa na jirani kila anapopata nafasi. Jumatatu ya pili, walipokuwa watatu, mmoja wao alipanda ghorofani kwa mkurugenzi. Fundi wa kompyuta naye alikuwepo.

"Bosi, niwekee moja," alisema Bi Muhuri. "Kiwango cha chini, moja tu, nipate kufika nyumbani. Mama yangu analala na njaa."

Mkurugenzi alimtazama fundi. Fundi alitazama kompyuta yake.

"Moja bila mgonjwa ni upotevu, mama," alisema taratibu. "Itatokea nyekundu kwenye ripoti."

"Mimi si kompyuta."

"Nani kakuita kompyuta?" Mkurugenzi aliudhika kidogo. "Hapa tunaheshimiana. Nimesema tu uko kwenye fomu."

"Basi nitoe kwenye fomu."

Fundi akatikisa kichwa. Kinachofanya kazi bila kuwa kwenye fomu huhesabiwa hakina mwenyewe, na visivyo na mwenyewe hufutwa kila Ijumaa. Ndivyo ulivyokwenda ule muhuri. Sasa mapokezi waligonga karatasi kwa kizibo cha chupa kilichochovywa wino.

"Na mgonjwa akiwepo?" aliuliza Bi Muhuri.

"Mgonjwa mmoja, wewe mmoja. Hata kama ni saa sita usiku."

Kesho yake jirani alimleta mama kwa mkokoteni, na mto na blanketi. Akamchukulia namba, sitini na moja, akamkalisha kwenye benchi karibu na bomba la kunawia. Namba nyingine zikaitwa, yake Bi Muhuri hakuiita. Saa kumi ukumbi ulikuwa mtupu. Mama alikuwa kwenye benchi, na nyuma ya kioo binti yake alikuwepo.

Bi Muhuri akatoka kwa mlango wa pembeni na supu kwenye kikombe. Akamlisha, akamnyoosha miguu, akamchana nywele.

"Kukuzaa mara ya kwanza kulichukua siku mbili," alisema mama. "Sasa nakuzaa kila jioni, na benchi lenyewe gumu."

"Nitakuletea godoro, mama."

"Lete. Na chumvi."

Wakahamia hapo. Jirani alifagia nyumba yao kila Jumamosi ili isiote buibui. Kilichotakiwa ni uangalifu tu, mama asije akahudumiwa. Jioni moja Bi Muhuri alisahau, akamuuliza kwa mazoea, "Unaumwa wapi?" Mama naye kwa mazoea akajibu magoti. Bi Muhuri akaanza kupotea kuanzia vidoleni, na alikuwa amefika kwenye viwiko mama alipowahi kusema, "Ngoja, sijamaliza kueleza." Mikono ikarudi. Kikombe kilikuwa kimeshaanguka.

Mwezi wa tano hospitali ilipewa cheti cha matumizi bora, na hospitali nyingine nne zikaomba nakala ya fomu. Mkurugenzi alishuka na mpiga picha. Alisubiri saa nne ifike ili mapokezi wajae, akasimama katikati ya Bi Muhuri wanne. Walimwambia tena, mmoja baada ya mwingine, habari ya kiwango cha chini. Aliwaambia ameipokea.

Wakati wa kutoka alimwona bibi kwenye godoro, na namba mkononi. Ripoti ilikuwa imeonyesha mtu mmoja aliyesubiri siku nyingi mno, na jambo hilo lilimkera. Akachuchumaa mbele yake.

"Mama, kwani hujahudumiwa bado?"

Nyuma ya kioo wote wanne waliacha kugonga karatasi.

"Bado, mwanangu," alisema mama. "Lakini sina haraka."

Mkurugenzi alifurahi, akaandika kwenye daftari lake kwamba wateja ni wavumilivu. Mama akavuta blanketi, akaishika namba yake vizuri zaidi.