Ghorofa ya Nne

1.

KADI YA KLINIKI
Jina: Tusekile Mwakalinga
Umri: miaka 74
Uzito: umepungua kilo sita
Mwendo: wa polepole, anashika ukuta
Sababu: uzee

2.

Uzee?

Mwaka jana tu, kule Rungwe, Bibi Tusekile alikuwa akibeba mkungu wa ndizi kichwani, akisimama kila nyumba kusalimia. Alipofiwa na mumewe, mwanawe Ambakisye akamfuata.

"Mama, utakaaje peke yako?"

Akamleta Dar es Salaam, ghorofa ya nne, akae na watu.

3.

TANGAZO KWA WAPANGAJI WOTE
Lifti haitafanya kazi hadi mtakapotaarifiwa tena. Tunaomba radhi kwa usumbufu.
Uongozi wa Jengo

4.

Watu aliozungumza nao Jumanne:

Ambakisye, akitoka asubuhi: "Mama, chakula kipo kwenye hotpoti."

Mkwewe, akirudi jioni: "Mama, mbona hujala?"

Basi.

Chakula cha kula peke yake kilikuwa hakimshuki. Lakini angeanzaje kumwambia hivyo mkwe aliyerudi hoi, kwenye nyumba ambayo si yake?

5.

Daktari mpya, binti mwenye miwani, hakuanza na miguu.

"Bibi, jana mchana ulikuwa na nani?"

"Na redio."

Ambakisye, aliyempeleka, akainamisha kichwa. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Ulinileta kwa mapenzi, mwanangu. Ningesemaje?"

6.

Wewe uliyeisoma ile kadi ukaamini, mtazame Alhamisi. Kafungua mlango. Anashuka kwa makalio, ngazi moja, anapumzika, ngazi moja

mguu

unatetemeka

ngazi moja.

Ghorofa ya tatu, Mama Rukia alikuwa mlangoni akichambua mchicha.

"Shikamoo, bibi! Unakwenda wapi hivyo?"

"Marahaba. Nakwenda kuona watu."

Mama Rukia akamsogezea kigoda. "Basi anza na mimi."

7.

Saa kumi na moja jioni Ambakisye alimkuta hapo hapo, sahani tupu miguuni.

"Mama! Nani kakushusha?"

"Miguu yangu."

"Na kupanda je? Utaweza?"

Bibi Tusekile akazitazama ngazi. Hakujua. Akamgeukia Mama Rukia, aliyekuwa bado anasubiri kuelezwa ndizi za Rungwe zinavyopikwa.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Hapa hata chumvi sijatia."